Nani Ana Ruhusa ya Kusimamisha Kazi?

Wengi mliokosa mkutano wa Jumamosi pale Morogoro mmeniomba niwape nilichosema. Naiweka hotuba yote kama ilivyotoka kinywani. Picha za ukutani nimeziacha, na wala hamtapungukiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu, wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu: habari za asubuhi?

Mafundi wa Morogoro ndio mnaitikia hivyo? Habari za asubuhi! Naam. Sasa nimewasikia.

Kabla sijaanza naomba mikono. Nani hapa kazini kwao kuna sanduku la maoni? Lile la mbao, lina tundu juu, limetundikwa karibu na mlango wa ofisi. Mikono ni mingi, asanteni, shusheni. Swali la pili: mara ya mwisho lilifunguliwa lini?

Naona kimya. Kuna mzee hapa mbele anacheka, amemnong'oneza jirani yake kwamba ufunguo ulishapotea. Mzee wangu, umenirahisishia kazi.

Nimeitwa niseme juu ya Kaizen, falsafa ya Wajapani ya kuboresha kazi bila kukoma. Wengi mmeshaisikia. Mmeiona kwenye mabango, wengine mmekaa semina mkapewa fulana na cheti. Na wengine, nawaona mnavyonitazama, mnasema moyoni: huyu naye kaja na habari za Wajapani, atatuambia tufagie karakana, tupange bisibisi kwa ukubwa, akiondoka turudi kulekule. Sina ugomvi na bisibisi zilizopangwa. Lakini aliyepanga bisibisi akadhani amemaliza Kaizen hajaigusa.

Kaizen ni kuboresha kazi kidogo kidogo, kila siku, na anayeiboresha ni yuleyule anayeifanya. Nusu ya kwanza kila bosi anaipenda. Hakuna bosi anayekataa kazi iboreke. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda, kwa sababu inamtaka bosi akubali kwamba kijana anayeshika mashine kutwa anaijua mashine ile kuliko yeye. Kwa hiyo leo sitawauliza mna mabango mangapi. Nitawauliza jambo moja, na nitalirudia mpaka mchoke: kazini kwenu, nani ana ruhusa ya kusema "simameni, hapa pana kasoro"? Na akishasema, anapewa nini? Asante, au barua ya onyo?

Twendeni Japani.

Mwaka 1867 alizaliwa mtoto wa seremala katika kijiji kimoja kilichoko leo mkoa wa Shizuoka. Jina lake Sakichi Toyoda. Alikua akiwaona wanawake, mama yake akiwamo, wakiinamia mitambo ya kufumia nguo, kazi ndefu ya mkono, malipo haba. Akaanza kuchezea mbao. Mwaka 1891 akapata hataza yake ya kwanza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mtambo wa mbao wa kufumia kwa mkono. Hakuishia hapo. Aliendelea kuubadilisha mtambo ule kwa zaidi ya miaka 30, leo kipande hiki, kesho kile.

Sasa, mama zangu mnaoshona na kufuma mtanielewa upesi. Kwenye kitambaa kuna nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazopita katikati yake kwa upana. Mashine za zamani zilikuwa na ujinga mmoja: uzi wa mtande ukikatika, mashine haina habari. Inafuma tu, kwa kasi ileile na kelele zilezile, na kinachotoka ni jora zima lenye kovu. Kwa hiyo ilibidi mtu akodolee macho mashine kutwa, si kwa kuwa ana la kufanya, ila kulinda isiharibu. Mwaka 1924 Sakichi na mwanawe Kiichiro wakakamilisha mashine yao ya kujiendesha, ile ya aina ya G. Kwenye mtande waliweka vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja kikibebwa na uzi. Uzi ukikatika, kipande kinaanguka. Kikianguka, mashine inasimama yenyewe.

Basi. Ni hilo tu. Mfanyakazi mmoja akaweza kuhudumia makumi ya mashine, maana hakuna tena haja ya kuzilinda. Zikiwa na shida zinasimama na kumwita. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, moja ya watengenezaji wakubwa wa mashine za nguo duniani, ikanunua haki za mashine ile kwa pauni 100,000. Waingereza waliokuwa wakiiuzia dunia mashine wakaenda kununua ujuzi kwa mtoto wa seremala. Na msidhani haya yako mbali nasi: miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani vilijaa madukani huku kwetu, na bibi zetu wamevaa khanga zilizochapwa Japani.

Ninachotaka mkishike ni hiki. Mashine ya Sakichi ilikuwa bora kwa sababu ilijua kusimama. Wenzake walishindana kuongeza kasi. Yeye aliifundisha mashine kukataa kutengeneza kitu kibovu.

Swali langu: kama mashine ilipewa ruhusa hiyo mwaka 1924, kijana wako wa zamu ya usiku umempa lini?

Kiichiro ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota, mwaka 1937. Na hapa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii semina nyingi huiruka. Wanatoka kwenye mashine ya kufuma wanaruka mpaka kwenye kiwanda kinachong'aa, kama vile katikati hakukutokea kitu.

Kilitokea. Mwaka 1949 serikali ya Japani, chini ya Wamarekani walioikalia nchi baada ya vita, ilibana matumizi kweli kweli. Fedha zikapotea mikononi mwa watu, magari hayanunuliki, Toyota ikazama kwenye madeni. Benki zikaja na masharti: punguzeni watu. Kiichiro alikuwa ameshawaahidi wafanyakazi kwamba hatamwachisha mtu kazi. Mwaka 1950 ukazuka mgomo wa miezi miwili. Mwisho wake zaidi ya wafanyakazi 1,600 wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu urais wa kampuni aliyoianzisha. Ahadi ilimshinda, akaondoka pamoja na waliotolewa. Miaka miwili baadaye akafariki.

Uchungu ule haukusahaulika. Wenye kampuni na chama cha wafanyakazi walitumia miaka mingi kujenga upya kuaminiana, hata mwaka 1962 wakatia saini tamko la pamoja. Kampuni italinda ajira, wafanyakazi watakubali mabadiliko na kushiriki kuongeza tija. Kwa nini nawachosha na habari za migomo wakati nimeitwa kusema Kaizen? Kwa sababu bila makubaliano hayo hakuna Kaizen. Fikirini wenyewe. Wewe na mwenzako mnafanya kazi ya watu wawili. Siku moja unagundua njia: ukisogeza meza hapa, kazi inafanywa na mtu mmoja. Utasema? Ukijua kesho mwenzako anaambiwa asante kwa huduma yako, utasema? Mimi sisemi! Nawe husemi! Tutanyamaza na ujuzi wetu mpaka tustaafu, na bosi ataendelea kulalamika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana ubunifu.

Mwaka uleule wa 1950, Eiji Toyoda, mtoto wa mdogo wake Sakichi, alikwenda Marekani kuangalia kiwanda kikubwa cha Ford cha River Rouge. Katika mengi aliyoyaona mojawapo lilikuwa utaratibu wa wafanyakazi kutoa mapendekezo. Mwaka 1951 Toyota ikaanzisha wake. Kwa hiyo lile sanduku, mzee wangu, hata Wajapani walilitoa ugenini. Tofauti ni kwamba wao walilifungua. Walilisoma, wakajibu, wakatekeleza, wakatoa na zawadi ndogo. Ilipofika miaka ya 1980 mapendekezo yalikuwa yakiingia kwa mamilioni kila mwaka, na mengi mno yalitekelezwa. Pendekezo la kusogeza ndoo. Pendekezo la kupaka mpini rangi ili usichanganywe na mwingine. Vitu vya kuchekesha ukivisoma kimoja kimoja.

Sasa niwaletee mzee mmoja mkali. Taiichi Ohno, alizaliwa mwaka 1912, akawa msimamizi wa karakana ya mashine pale Toyota. Waliofundishwa naye wanasimulia kwamba alikuwa anachukua chaki, anachora duara sakafuni, anamwambia meneja: simama humo, uangalie. Anaondoka. Anarudi baada ya saa kadhaa. Umeona nini? Meneja akisema sijaona kitu, anaambiwa endelea kusimama. Mabosi wetu hapa, mkisimamishwa kwenye duara la chaki katikati ya karakana zenu kutwa nzima, mtaona nini? Mtamwona fundi anatembea mara ngapi kwenda kuazima drili ileile? Mtaona mbao zimebebwa kutoka kona hii kwenda kona ile, halafu zikarudishwa? Ohno aliviita hivyo upotevu, akavipanga mafungu saba: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bure, kuchakata bila haja, kurundika akiba, kutembea bure, na kutengeneza kitu kibovu. Aliyachukia yote, ila lile la kwanza alilichukia zaidi, kwa kuwa ukitengeneza kupita mahitaji unayafunika hayo mengine yote chini ya rundo.

Ohno huyuhuyu ndiye aliyewafundisha kuuliza "kwa nini" mara tano. Mfano wake ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Imezidiwa mzigo, fyuzi imekatika. Wengi wetu hapo tumeshafika dukani kununua fyuzi. Lakini endelea. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata oili ya kutosha. Kwa nini haikupata? Pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini haivuti? Shafti yake imelika, inacheza. Kwa nini imelika? Hakuna chujio, vumbi la chuma linaingia ndani. Haya! Ungebadilisha fyuzi mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi wa tatu, na tatizo ni chujio ambalo halikuwepo.

Katika mlolongo wote ule, je, mmesikia mahali Ohno ameuliza "nani"? Hakuuliza. Sisi je? Mashine ikisimama, swali la kwanza ni lipi? Semeni wenyewe. Nani alikuwa zamu! Yeye aliuliza kwa nini mara tano, sisi tunauliza nani mara moja, tukishampata tunamkata mshahara na kufunga faili. Na chujio bado halipo.

Nisikawie hapa, ila kuna kisa cha springi lazima nikiseme. Mwaka 1961 mhandisi mmoja, Shigeo Shingo, aliitwa kwenye kiwanda cha Yamada Electric. Walikuwa wanatengeneza swichi ndogo ya vibonyezo viwili, na chini ya kila kibonyezo inakaa springi. Kazi rahisi kabisa, na kwa urahisi wake wafanyakazi walikuwa wanasahau kuweka springi moja. Swichi inafika kwa mteja, haifanyi kazi, mteja analalamika, meneja anawagombeza: kuweni makini! Wanakuwa makini wiki mbili tatu, halafu mambo yanarudi. Shingo akawaambia: chukueni kisahani. Kabla ya kuunganisha swichi, toeni springi mbili muziweke kwenye kisahani. Ukimaliza ukiona springi imebaki, umesahau. Kisahani! Malalamiko yakaisha. Ni mara ngapi umemwambia kijana awe makini? Na ni mara ngapi umemtafutia kisahani?

Sasa nakuja kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na hiki hakikutokea Japani. Kuna watu huniambia: mwalimu, mambo haya yanawezekana kwa Wajapani tu, wamezaliwa na nidhamu, sisi Waswahili hatuwezi. Sikilizeni.

Fremont, California. General Motors, kampuni ya magari ya Wamarekani, GM kwa kifupi, walikuwa na kiwanda pale. Utoro ulikuwa mkubwa kiasi kwamba siku nyingine hawapatikani watu wa kutosha kuwasha laini ya kuunganishia magari. Watu wanakunywa pombe kazini. Malalamiko ya chama cha wafanyakazi yamerundikana kwa maelfu. Na juu ya yote kulikuwa na amri moja takatifu: laini isisimame. Gari likipita mbele yako lina kasoro, liache lipite, litatengenezwa huko nje uwanjani. Mwaka 1982 GM wakakifunga.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa GM na Toyota, kikaitwa NUMMI. Toyota wakaleta uongozi na utaratibu wao. Wafanyakazi je? Walewale! Waliowaajiri wengi wao walikuwa watu wa kiwanda cha zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Mamia ya viongozi wa timu wakapelekwa Japani, kwenye kiwanda cha Toyota cha Takaoka, wakakaa wiki kadhaa wakifanya kazi bega kwa bega na wenyeji.

Kilichowaduwaza ni kamba. Juu ya laini kuna kamba inayopita. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, au akichelewa kumaliza sehemu yake, anaivuta. Taa inawaka, muziki unalia, kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia. Wakimaliza upesi, kamba inavutwa tena na kazi inaendelea. Wasipomaliza gari likafika mwisho wa eneo lao, laini inasimama. Fikirini mtu aliyefundishwa miaka 15 kwamba kusimamisha laini ni dhambi ya kumfukuzisha kazi, leo anaambiwa: ukiona kasoro usipovuta, hapo ndipo umekosea.

Mwezi Desemba 1984 likatoka gari lao la kwanza. Katika miaka michache tu ubora wao ukakaribia ule wa Takaoka, na utoro uliokuwa zaidi ya asilimia 20 ukashuka chini ya asilimia 5. Watu walewale, jengo lilelile, mvinyo uleule madukani California. Kilichobadilika ni kitakachompata mtu akisema "hapa pana kasoro".

Na kumbukeni habari ya 1950. Mwaka 1988 mauzo ya kiwanda kile yalishuka, kazi ikawa haba. Enzi za zamani wangeachishwa mamia. Hawakuachishwa. Waliokosa kazi kwenye laini waliingizwa kwenye mafunzo na kazi za maboresho. Hapo ndipo ahadi ilipopimwa, wakaamini.

GM walijaribu kuuhamishia utaratibu ule kwenye viwanda vyao vingine. Kule Van Nuys, California hiyohiyo, haukushika, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992. Kununua kamba ni rahisi, ipo duka lolote la vifaa. Lakini msimamizi aliyezoea kukunja uso kamba ikivutwa, kamba yake haitavutwa hata akiitia rangi ya dhahabu. Wala sisemi NUMMI ilikuwa pepo. GM walijitoa mwaka 2009 walipofilisika, mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, na leo jengo lile ni la Tesla. Hata kazi nzuri haikulindi na kila dhoruba.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi washauri wenzangu. Katika Kaizen kuna mafundisho ya kutorundika akiba: kila kitu kifike wakati kinapohitajika. Ohno aliyaendeleza kwa ustadi mkubwa, na wazo lake jingine alilichota kwenye maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri mteja alivyochukua. Ni mazuri. Lakini tarehe 1 Februari 1997 kiwanda kimoja cha Aisin Seiki mjini Kariya kiliungua. Kilikuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za Toyota, kivali kidogo cha kushika mkononi. Toyota walikuwa na akiba ya saa chache tu. Viwanda vyao nchini vikasimama karibu vyote. Kilichowaokoa ni wenzao: makampuni kadha wa kadha, hata Brother, watengenezaji wa cherehani ambao hawakuwa watu wa spea za magari, yaligawana michoro yakaanza kuchonga vali. Katika muda wa wiki hivi magari yakaanza kutoka tena kama kawaida.

Kwa hiyo wewe mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, ambaye spea yako inakaa bandarini Dar es Salaam mpaka itakapojisikia kutoka, na umeme unakatika bila hodi, usije ukaondoa akiba yako kwa sababu umesikia Toyota hawaweki. Toyota wana majirani wa kuwachongea vali usiku kucha. Wewe una nani? Anza na kasoro na matembezi ya bure. Akiba itapungua yenyewe kadiri utakavyoweza kutegemea unaonunua kwao.

Huku kwetu je, imewezekana? Wasemao haiwezekani nawaelekeza Mbeya. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa S tano, ambao Wajapani huutumia kama mlango wa kuingilia Kaizen. Uzoefu ulitoka hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, na shirika la misaada la Japani, JICA, likasaidia kuwaunganisha. Baadaye Wizara ya Afya ikausambaza kwenye hospitali nyingine, na wauguzi mlio hapa mnayajua maneno yake mnaweza kuyaimba: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Haya, mnaona? Wameimba kweli! Hapo hapakujengwa jengo jipya. Kilichobadilika ni stoo ambayo dawa iliyokaribia kuisha muda inakaa mbele, faili la mgonjwa linalopatikana bila kulitafuta, kitanda cha magurudumu kilichochorewa mahali pake sakafuni. Wahabeshi nao, Waziri Mkuu wao Meles Zenawi alizungumza na Wajapani mwaka 2008, na mwaka 2011 wakaanzisha taasisi ya taifa ya Kaizen. Hata hivyo mkiwauliza wauguzi ni ipi ngumu katika zile tano, watawaambia wote kwa sauti moja.

Shikilia! Mmesema wenyewe. Kwa nini shikilia ni ngumu? Kwa kuwa nne za kwanza unaweza kumwamuru mtu. Ya tano huwezi. Mtu hushikilia alichokiamua.

Nimebakiwa na dakika chache, na mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na upande wa giza, maana anayesifu tu si wa kuaminika.

Mwaka 2002 mfanyakazi mmoja wa Toyota mwenye umri wa miaka 30, aliyekuwa akikagua ubora, alianguka kazini alfajiri akafa. Mjane wake alidai kwamba mumewe ameuawa na kazi. Ofisi ya serikali ya kazi ikakataa, akaenda mahakamani. Sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa hii: zile saa alizokaa baada ya zamu kwenye vikundi vya ubora, kuandaa mapendekezo, kuhudhuria vikao vya maboresho, ni kazi au ni hiari? Kwa miaka mingi zilihesabiwa hiari. Novemba 2007 mahakama ya wilaya ya Nagoya ikaamua: ni kazi. Ikakuta katika mwezi wake wa mwisho alifanya zaidi ya saa 100 za ziada. Mwaka uliofuata Toyota ikatangaza kuzilipa saa za vikundi vile kama ovataimu.

Mmeona? Huko huko kwenye chemchemi. Kwa hiyo wewe bosi unayepanga "kikao cha Kaizen" saa kumi na mbili jioni, watu wameshachoka, mama ana mtoto kwa jirani, daladala ya mwisho inaondoka, halafu unaita kujitolea: hicho ni kibarua cha bure kilichovishwa kanzu ya Kijapani. Kiweke saa nne asubuhi, ndani ya saa za kazi, na ukilipe. Ukiona huwezi kulipia nusu saa ya watu kufikiri juu ya kazi yako, basi bado hujaamini kwamba wanafikiri.

Na nyinyi vijana wa mashineni, msidhani mmeachwa. Ukipewa kamba, uivute kwa kasoro, usiivute kwa sababu unataka kuvuta sigara. Kule Fremont aliyevuta alikuja kuulizwa kwa upole kuna nini, na alitakiwa awe na jibu.

Jumatatu mkirudi, mambo mawili tu. Mabosi, chaki inauzwa shilingi ngapi? Chora duara, simama ndani, zima simu, kaa saa moja bila kumgombeza mtu. Utakachokiona usikiseme siku hiyo. Muulize aliye karibu na mashine yeye anaona nini. La pili, lile sanduku. Vunjeni kufuli. Karatasi zote zilizomo zisomwe mbele ya watu, hata zile za matusi, hata zile za mwaka juzi, na kila moja ipate jibu: tutafanya, au hatutafanya kwa sababu hii. Mzee wangu, na la kwenu pia, nyundo mnazo.

Mwenyekiti, nimekaa. Ila naona mama wa kiwanda cha sabuni amenyosha mkono tangu niliposema habari za barua ya onyo, na uso wake si wa kutania. Naomba apewe kipaza sauti kwanza, kabla ya mgeni rasmi.